Karamu Bila Nyama? Naam, Yawezekana!

Mpenzi msomaji, najua umesoma kichwa cha makala haya na tayari umeguna. "Karamu bila nyama! Huyu naye katokea wapi?" Guna tu, wala sikukatazi. Mwaka jana mimi mwenyewe ningeguna kuliko wewe. Ila nakuomba univumilie kwa kurasa hizi chache. Ukimaliza, kama bado roho yako haijatulia, tukutane chini ya mwarobaini saa ya mapumziko tupambane kwa hoja.

Ninalotaka kusema ni hili: chakula kisicho na nyama, kikipikwa kwa bidii na heshima, kinaweza kuwakalisha watu wa kila namna kwenye meza moja bila yeyote kuachwa nje. Walionifunza jambo hili si walimu wangu wala wazazi wangu. Ni wafuasi wa Budha walio mbali sana na hapa, kupitia mikahawa yao isiyopika nyama hata kwa dawa.

Lakini kabla hatujavuka bahari, tuanzie hapa hapa shuleni.

Wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili wanaikumbuka ile karamu ya kufunga mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Tulikuwa 44, na tuliafikiana kila mmoja atoe shilingi 500 tununue mbuzi wawili, mchele na soda. Wacha hiyo siku iwadie! Harufu ya pilau ilitambaa hadi kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Tulikula, tukaimba, tukaghani mashairi, tukapiga picha. Kwa hakika ilikuwa sherehe ya kukata na shoka.

Siku mbili baadaye, nilipokuwa nikifunga hesabu, ndipo nilipogundua jambo. Wenzetu 9 hawakutoa zile shilingi 500, na kwa kuwa hawakutoa, hawakuja. Hawakusema wameshindwa. Mmoja alisema anaumwa na kichwa, mwingine ati kwao kuna mgeni. Wawili wengine walitoa, wakaja, na hawakula. Mmoja ni Mhindi na kwao nyama haiingii jikoni. Mwingine ni Msabato, na katika jamaa yake hawali nyama kabisa. Hao wawili walishinda na kachumbari na soda huku wakitabasamu, maana pilau yote ilikuwa imepikwa kwa nyama. Hebu piga hesabu: 9 na 2 ni 11. Kumi na mmoja katika 44 ni robo kamili ya chama.

Na hapa lazima niseme kweli, hata ikiwa inaniaibisha. Siku ile ya karamu mtu alininong'oneza kwamba wale wawili hawali. Nilimjibu, "Kwani nani kawakataza? Si wamejitakia wenyewe?" Kisha nikaenda zangu kuongeza sahani.

Haya, sasa tuvuke bahari.

Kaka yangu mkubwa anasoma Shanghai, mji mkubwa mno wa Uchina, nao una bandari kama huu wetu wa Mombasa. Alipoondoka, hofu ya mama haikuwa baridi wala lugha. Ilikuwa nguruwe. Sisi ni Waislamu, na huko Uchina nyama ya nguruwe ndiyo inayoliwa kuliko nyama nyingine zote. Hata sahani ya mboga yaweza kuja na vipande vyake, au imekaangwa kwa mafuta yake. Basi kila kaka akipiga simu, mambo huanza hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekula nini?"

Siku nyingi jibu huwa ni tambi za hoteli za Waislamu wa kule, maana wapo na wanapika vizuri. Lakini jibu alilotoa Desemba iliyopita lilituacha vinywa wazi.

"Leo nimekula bata asiye bata, mama, na kaa asiye kaa."

Mama aliniangalia. Mimi nikamwangalia mama. Tukadhani baridi imemwingia kichwani.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kaka ana marafiki watatu darasani: mmoja ni Mkenya mwenzake kutoka Kisii, Msabato, wa pili ni Mhindu kutoka Gujarat nchini India ambaye hali nyama wala mayai, wa tatu ni Mchina, mwenyeji wa pale pale. Baada ya mtihani fulani yule Mchina aliwakaribisha wenzake chakula cha jioni katika hoteli jirani na chuo. Kwa ukarimu wake aliagiza sahani nane. Lahaula! Nguruwe alikuwa katika tano. Zilizobaki zilikuwa na kamba, mayai, na mboga ambazo hakuna aliyejua zimekaangwa kwa nini. Kaka alikula wali mkavu. Mhindu alikula karanga. Msabato akala wali na karanga. Mwenyeji alitazama meza iliyojaa chakula na wageni wake wenye njaa, akaona haya kuliko wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hiyo mwenyeji hakupona.

Nyanya yake yule Mchina aliposikia, alicheka, kisha akasema, "Waleteni tarehe 15." Si tarehe 15 ya kalenda hii yetu ya ukutani. Ni siku ya 15 ya mwezi wa angani, mwezi mpevu. Wabudha wengi wa Uchina, na wa Vietnam pia, huacha nyama siku ya kwanza na siku ya 15 ya kila mwezi mwandamo hata kama siku nyingine wanakula. Siku hizo mikahawa yao isiyo na nyama hufurika watu.

Na tazama jinsi mwezi ulivyo mmoja kwa walimwengu wote. Siku hizo hizo za mwezi mpevu sisi Waislamu tunaziita siku nyeupe, na ni sunna kuzifunga. Kaka alikuwa amefunga. Wakati wa baridi jua la Shanghai huchwa mapema, mnamo saa kumi na moja za jioni. Kwa hiyo alifuturu kwa tende alizobeba mfukoni, mlangoni mwa mkahawa wa Kibudha, kisha akaingia ndani kula.

Mkahawa huo unaitwa Gongdelin. Ulifunguliwa mwaka 1922 na watu wa dini ya Budha, na jina lake maana yake ni kama "msitu wa thawabu". Zaidi ya miaka 100 sasa unapika bila nyama wala samaki. Msimu wa sikukuu ya mwezi inayoangukia Septemba au Oktoba, watu hupanga foleni kununua keki zake za mwezi. Kwa hivyo usifikiri ni kibanda cha wagonjwa waliokatazwa nyama na daktari.

Meza ilipoandaliwa, kaka alishtuka. Mbele yake palikuwa na bata, ngozi imekaangwa ikawa ya kahawia, amekatwa vipande vipande. Kaka akasukuma sahani. Hakumjua aliyechinja, na tena aliambiwa hapa hakuna nyama! Nyanya akacheka mpaka machozi. Kumbe "bata" huyo ametengenezwa kwa soya. Maziwa ya soya yakichemshwa hufanya utando juu, kama ule wa maziwa ya ng'ombe tunaougombania asubuhi. Wapishi huutoa utando ule, wakaukunja tabaka juu ya tabaka, wakautia viungo, wakaukaanga. "Kaa" naye ni viazi na karoti zilizopondwa, zikakaangwa na uyoga, tangawizi na siki, na kwa rangi na harufu utaapa katoka baharini. Palikuwa pia na uyoga wa namna tatu, tofu, ambayo ni kama jibini ya maziwa ya soya, na kitu ambacho Wachina hukiita kwa jina lenye maana ya "kano za unga".

Hizo kano za unga nimezijaribu mwenyewe, na hapa ndipo ninapojivunia. Unachukua donge la unga wa ngano kama la chapati, unalikanda vizuri, unaliacha kidogo lipumzike. Kisha unaliosha ndani ya maji, unalikamua na kulikamua. Maji yanakuwa meupe kama tui, unayamwaga, unatia mengine, mpaka yawe karibu safi. Wanga wote unakwenda na maji, na mkononi unabaki na kitu kinachovutika kama mpira. Mama aliponikuta nikifanya hivyo alipiga ukelele, "Wewe! Unaogesha unga?" Nikamwambia asubiri. Nikalichemsha, nikalikata vipande, nikaliunga kwa nazi, bizari na ndimu. Wadogo zangu walikula wakaniuliza ni nyama gani. Sikujibu mpaka sufuria ilipokwisha.

Turudi Shanghai. Jioni hiyo wanne wale na nyanya yao walikula sahani zote. Mwislamu hakuuliza nani kachinja. Mhindu, baada ya mwenyeji kumwulizia kuhusu mayai, alikula bila wasiwasi. Msabato alirudia mara tatu. Na yule mwenyeji, kaka anasema, alikaa kama mtu aliyetua mzigo. Hakuna aliyewekwa pembeni, hakuna aliyepikiwa sahani yake peke yake kama mgonjwa. Nilipolisikia hilo nikaikumbuka karamu yetu na wale wawili na kachumbari yao. Jibu langu lile likanirudi kooni kama mwiba wa samaki.

Labda utauliza, Wabudha waliyatoa wapi haya? Nilidhani ni amri ya Budha mwenyewe, kumbe si rahisi hivyo. Budha aliishi India karne nyingi kabla ya Nabii Isa. Yeye na watawa wake walizunguka na bakuli na kula walichopewa. Nyama iliruhusiwa kwa masharti matatu: mtawa asiwe ameona, asiwe amesikia, wala asishuku kwamba mnyama kachinjwa kwa ajili yake. Ndiyo maana hadi leo Wabudha wengi wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar wanakula nyama. Huko Uchina mambo yalichukua mkondo mwingine. Mfalme Wu wa nasaba ya Liang, aliyetawala tangu mwaka 502 hadi 549, aliwakataza watawa nyama na pombe, na wanyama wa kafara akaamuru wafinyangwe kwa unga. Tangu hapo jikoni za mahekalu ya Uchina zikawa chuo cha upishi wa mimea, na ujuzi huo ukaenea Korea, Japani na Vietnam, na mwishowe ukafika mikahawani.

Kuna jambo jingine litakalomshangaza kila mama wa Pwani. Wabudha hao wakishika sana dini hawatii kitunguu! Si kitunguu maji, si kitunguu saumu, si majani yake. Wanasema vitu hivyo vyenye harufu kali huchochea tamaa na hasira na kuivuruga akili ya mtu anayetafakari. Msiwacheke. Hapa Mombasa tuna Wajaini, na hekalu lao liko Langoni, Mji wa Kale. Wao pia huepuka vitunguu, na wanaoshika sana huacha hata viazi na karoti, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vya udongoni.

Sasa hebu nizikabili hoja za wapinzani wangu, kwa sababu najua wananingojea kwa mafumbo.

Hoja ya kwanza: "Kama hawataki nyama, mbona wanaiiga? Si unafiki huo?" Swali hili lilinisumbua hata mimi. Lakini fikiria yule nyanya. Siku nyingine anakula bata wa kweli, na jamaa zake wanampenda bata. Mpishi anapompa mtu ladha aliyoizoea bila kuua, anamsaidia kuvuka daraja, hamdanganyi. Unafiki ungekuwepo kama angeficha. Kwenye mkahawa ule kila anayeingia anajua hakuna mnyama. Hata hivyo mimi mwenyewe, kama ningechagua, ningeanza na ule uyoga na mboga zilizobaki na sura zao, kwa sababu mboga haihitaji kujiita bata ili iheshimiwe.

Hoja ya pili ni ya mama yangu, na kwa hivyo ninaigusa kwa adabu. Alimwuliza kaka, "Chakula hicho hakikutolewa kwa masanamu?" Kaka alijibu kwamba alimwulizia mwenyeji wake kabla ya kwenda, akaambiwa chakula kinapikwa jikoni na kuuzwa kama hotelini kwingine. Alihakikisha pia kwamba hakitiwi divai, maana wapishi wa Kichina huipenda, ingawa Wabudha wanaoshika dini huikwepa. Mikahawa mingine huwa na sanamu pembeni na matunda mbele yake, na mtu asiyeridhika ana haki ya kupita. Wakristo nao wanalijua swali hili tangu Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho. Kila mtu aulize dini yake. Ninachosema mimi ni kwamba unaweza kujifunza upishi wa jirani bila kuchukua ibada yake.

Hoja ya tatu: "Nyama ndiyo nguvu!" Hapa nitasema kama nilivyofunzwa darasani. Protini ya kujenga mwili ipo pia katika kunde, maharagwe, ndengu, mbaazi, karanga na soya. Lakini sitaki kudanganya mtu. Anayeacha kabisa kila kitu kitokacho kwa mnyama, hata mayai na maziwa, hana budi kutafuta vitamini B12 katika vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, maana mimea haimpi ya kutosha. Hilo ni la mtu anayebadilisha maisha yake. Karamu ya siku moja haijapata kumdhoofisha mtu.

Na tukiwa hapo hapo, wale wasiogusa hata maziwa wasiingie mikahawa hiyo macho yamefungwa. Mingine hutumia mayai au maziwa. Taiwan, kwa mfano, tangu mwaka 2009 vyakula vya paketi vinavyoitwa vya wasiokula nyama lazima vionyeshe ni vya aina gani: vya mimea mitupu, vyenye mayai, vyenye maziwa, vyenye vyote viwili, au vya mimea vyenye vitunguu na jamii yake. Mimi naliona hilo kuwa jambo la heshima kubwa. Serikali nzima imekaa chini ikafikiria ili mtu asile asichokitaka! Sisi katika karamu yetu hatukuuliza swali hata moja.

Hoja ya nne ndiyo nzito: "Unataka Mmaasai, Msomali na Mturkana waache mifugo?" La hasha! Katika nchi kavu ambako mahindi hayaoti, ng'ombe, mbuzi na ngamia ndio shamba, ndio benki, ndio mahari. Mtu wa mjini anayenunua mboga sokoni hana haki ya kumhubiria mfugaji. Wala simwambii mtu ale nini nyumbani kwake. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Mimi nazungumzia ile meza tunayoketi sote, watoto wa mfugaji na wa mvuvi, wa msikiti, wa kanisa na wa hekalu.

Hoja ya mwisho: "Usiache mbachao kwa msala upitao. Mambo ya Wachina tuwaachie Wachina." Ndugu yangu, hapo ndipo unaponipa ushindi! Nani kakwambia chakula bila nyama ni cha Wachina? Amka asubuhi uende mtaani. Mahamri na mbaazi za nazi, je, kuna mnyama humo? Bhajia za viazi na chatne ya ukwaju? Mhogo wa kuchoma na pilipili na ndimu? Wali wa nazi na kunde, mchicha, kisamvu, mabenda, ndizi za nazi, mchuzi wa maembe mabichi? Bara nako kuna githeri, mukimo, na ugali kwa sukuma wiki. Kitu tunachokikosa ni heshima tu. Tumeviita vyakula vya mwisho wa mwezi. Mgeni akija tunavificha, tunakimbia kukopa kuku. Tukipika mboga tunapika kwa haraka, maji mengi, chumvi haba, kisha tunasema mboga haina ladha.

Mtawa mmoja wa Japani, Dogen, aliandika mwaka 1237 kitabu kizima juu ya kazi ya mpishi wa hekalu. Mafunzo yake yananipendeza: mpishi asizidharau mboga hafifu wala asipagawe na vyakula vya fahari, bali vyote avipike kwa moyo mmoja, achambue mchele kwa macho yake na asipoteze hata punje. Nilipoyajua hayo nilimkumbuka nyanya yangu mwenyewe na mbaazi zake. Huzilowesha usiku, huzichagua moja moja, na tui zito hulitia mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, asilikate. Hajawahi kuvisikia vitabu vya Wajapani. Lakini ukizila mbaazi zile huulizi nyama iko wapi.

Basi, wanachama wenzangu, nafikia pendekezo langu. Karamu yetu ya mwaka huu iwe ya mimea mitupu. Nimekaa na mama tukapiga hesabu: wali wa nazi, mbaazi, mchicha, bhajia, mhogo, kachumbari, matunda na maji ya ukwaju, tukipika wenyewe kwa sufuria za kuazima, haizidi shilingi 200 kwa kila mmoja. Sufuria moja ya kunde tusiitie vitunguu, ikiwa yupo asiyevila. Wenye uwezo wa shilingi 500 wakizitoa kama mwaka jana, yule asiye na kitu ataingia bila kuulizwa wala kujulikana. Mimi niko tayari kutengeneza zile kano za unga, ingawa nitahitaji wenzangu watatu wenye mikono yenye nguvu na ndoo nyingi za maji.

Wengine watanuna, ninalijua hilo. Watasema mweka hazina ameingiwa na mambo ya ajabu. Lakini nawauliza swali moja tu. Mwaka jana tulifurahi tukiwa robo tatu, na hatukutambua kuwa robo haipo. Je, mwaka huu tukifurahi tukiwa kamili, tutakosa nini? Nyama. Hiyo tu. Na nyama tunaweza kuila siku nyingine zote nyumbani kwetu.

Wale wenzetu wawili nimeshawaendea, nikawaomba radhi. Mmoja alicheka akasema alishasahau. Wa pili alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwaka huu nilete sahani yangu, ama?"

Nimemwambia asilete. Nawaomba wanachama wenzangu msinifanye mwongo.